Dawa ya Deni ni Kulipa: Mwongozo wa Kujikunja kwa Mnyororo Mchanga wa Protini

Mwanangu mnyororo, karibu duniani.

Ribosomu imekuunga kiungo kwa kiungo, asidi amino moja baada ya nyingine, kama tano kwa sekunde ikiwa umezaliwa katika seli ya binadamu, na kwa kasi zaidi ikiwa umezaliwa katika bakteria. Mfuatano wako umeshapangwa na jeni, na hauna ruhusa ya kuubadili. Lakini mfuatano peke yake haufanyi kazi. Ukibaki umelegea hivyo ulivyo, hutabeba oksijeni, hutasaga chakula, wala hutakuwa unywele kichwani mwa mtu. Ni lazima ujikunje, na ujikunje sawasawa.

Wapo ndugu zako wachache ambao kazi yao inawataka wabaki wamelegea, na mwongozo huu hauwahusu. Nyinyi wengine mna hatua kadhaa za kupitia. Mdenmaki Kaj Linderstrøm-Lang, katika mihadhara aliyoitoa Stanford mwaka 1951, alizigawa kwa madaraja: mfuatano wa asidi amino ni daraja la kwanza, mikunjo midogo inayojirudia ni daraja la pili, na umbo zima lililokamilika ni daraja la tatu. Hapa tunashughulika na daraja la pili. Shauri lililomo ni moja tu, na mengine yote ni matawi yake: usiingie ndani na deni ambalo hujalilipa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mfuatano wako, na maji. Basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Christian Anfinsen na wenzake huko Bethesda, Marekani, walichukua ribonukliazi, kimeng'enya chenye asidi amino 124, wakaikunjua kabisa kwa yurea na kwa dawa ya kuvunja vifungo vya salfa. Kisha wakaziondoa dawa hizo. Kimeng'enya kikajikunja chenyewe na kurudia kazi yake kana kwamba hakikuguswa. Anfinsen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba umbo la protini limo ndani ya mfuatano wake.

Ndani ya seli iliyosongamana utakutana na protini walezi, ambazo zitakukinga usije ukashikana na wengine kabla hujawa tayari. Zipokee kwa heshima, ila ujue hazikuletei umbo. Umbo unalo wewe.

Wala usisubiri mpaka utoke wote. Samaki mkunje angali mbichi. Handaki la ribosomu unamopita lina urefu wa nanomita 10 hivi, na ingawa ni jembamba, msokoto mdogo unaweza kuanza humo humo, kabla mkia wako haujaungwa.

Hatua ya 1: Yajue madeni yako

Uti wako ni uleule mwanzo hadi mwisho, hata kama minyororo yako ya pembeni ni ya aina 20 tofauti. Kila kiungo kina vikundi viwili vya kuangalia: nitrojeni iliyoshika hidrojeni, na kaboni iliyoshika oksijeni. Hidrojeni ile ina chaji chanya kidogo, na oksijeni ina chaji hasi kidogo. Kila moja inadai mwenza wa kushikana naye kwa kifungo cha hidrojeni. Hayo ndiyo madeni yako, mawili kwa karibu kila kiungo. Mioglobini ya nyangumi, yenye asidi amino 153, inazaliwa na madeni yapatayo 300.

Ukiwa umenyooka ndani ya maji huna taabu, kwa sababu maji yanakulipia. Kila hidrojeni yako imepata oksijeni ya maji, na kila oksijeni yako imepata hidrojeni ya maji. Taabu inaanza pale minyororo yako ya pembeni isiyopenda maji, yaani leusini, valini, isoleusini, fenilalanini na wenzao, inapokimbilia ndani ili ikae pamoja. Haikimbii peke yake. Inauvuta na uti. Huko ndani maji hayafiki, na kila kikundi kilichokuwa kimelipwa kinaanza kudai upya.

Usiseme ni deni dogo. Protini nyingi ndogo husimama kwa tofauti ya nishati ya kilojuli 20 hadi 60 tu kwa moli kati ya kukunjika na kukunjuka. Vikundi vichache vikiachwa ndani bila mwenza, tofauti hiyo inaliwa yote na wewe unakunjuka. Dawa ya deni ni kulipa, na katika kiini kikavu kuna njia kuu mbili za kulipa kila kikundi kwa mpangilio unaojirudia: ujilipe mwenyewe, au mlipane na jirani. Njia ya kwanza ni msokoto wa alfa, na ya pili ni bamba la beta. Misokoto na mabamba unayoyaona katika kila picha ya protini yamo humo kwa sababu hii. Hayakuwekwa kuwa pambo.

Hatua ya 2: Usipinde pasipopindika

Kabla ya kulipa, jua ni wapi unaruhusiwa kuzunguka. Kifungo cha peptidi, kile kinachounga kaboni ya kiungo kimoja na nitrojeni ya kiungo kinachofuata, hakizunguki kwa hiari. Elektroni zake zimeenea kiasi cha kukipa tabia ya kifungo maradufu. Ndiyo maana kimefupika hadi nanomita 0.132, ilhali kifungo cha kawaida cha kaboni na nitrojeni kina 0.147. Atomu sita za hapo hukaa bapa, na bapa zibaki.

Sharti hili ndilo lililoamua nani angekugundua. Mwaka 1950 watu watatu wa Cambridge, Lawrence Bragg, John Kendrew na Max Perutz, walichapisha orodha ndefu ya maumbo ambayo mnyororo wa protini ungeweza kuwa nayo. Walikuwa mabingwa wa fuwele, na katika fuwele mambo hujirudia kwa namba kamili, kwa hiyo wakataka kila mzunguko wa msokoto uwe na viungo viwili, vitatu au vinne kamili. Kifungo cha peptidi nacho wakakiachia kizunguke. Umbo lako halisi halikuwemo katika orodha yao.

Linus Pauling wa California alikuwa mkemia, na yeye na Robert Corey walikuwa wametumia miaka mingi kupima fuwele za asidi amino na za peptidi ndogo. Alijua kwamba kifungo kile ni bapa. Mwaka 1948, akiwa profesa mgeni Oxford, mafua yalimlaza kitandani. Akachora mnyororo kwenye karatasi, akaikunja karatasi kwenye kaboni za katikati tu, bila kugusa vifungo bapa, akaendelea kuzungusha mpaka hidrojeni ya kiungo kimoja ikaifikia oksijeni ya kingine. Ukatokea msokoto. Viungo kwa kila mzunguko havikuwa namba kamili, na Pauling hakuona sababu ya kulazimisha viwe.

Hata hivyo hakutangaza mara moja. Mzunguko mmoja wa msokoto wake ulikuwa na kimo cha nanomita 0.54, ilhali picha za eksirei za sufu na nywele ambazo William Astbury alizipiga Leeds miaka ya 1930 zilionyesha 0.51. Tofauti ya nanomita 0.03 ilimsumbua. Akampa kazi Herman Branson, mwanafizikia Mmarekani Mweusi aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Howard, atafute misokoto yote inayotimiza masharti mawili: vifungo bapa, na kila kikundi kiwe kimepata mwenza. Ikabaki miwili. Makala ya Pauling, Corey na Branson ilitoka mwaka 1951, na mmoja kati ya ile miwili ndio msokoto wa alfa.

Perutz aliisoma Jumamosi asubuhi, na papo hapo akatambua kwamba msokoto wa namna hiyo lazima uache alama ya nanomita 0.15 kwenye picha ya eksirei, kimo cha kiungo kimoja, alama ambayo hakuna aliyekuwa ameitafuta. Akaenda maabara, akachukua unywele wa farasi, akauinamisha mbele ya miale kwa pembe iliyofaa. Alama ilikuwepo. Mshindani wa Pauling ndiye aliyemthibitishia, tena kwa haraka na kwa uaminifu, na jambo hilo linastahili kukumbukwa kila msokoto wa alfa unapotajwa.

Hatua ya 3: Soma ramani ya Madras

Kwa kuwa kifungo cha peptidi hakizunguki, kila kiungo kinakuachia pembe mbili tu za kuchezea, moja kila upande wa kaboni ya katikati. Zinaitwa fi na psi. Mwaka 1963 G. N. Ramachandran na wenzake wawili, C. Ramakrishnan na V. Sasisekharan, wakiwa Madras nchini India, waliuliza swali rahisi: ni jozi zipi za fi na psi ambazo hazigonganishi atomu? Walipochora majibu, sehemu kubwa ya ramani ilikuwa marufuku.

Maeneo ya kukaa ni machache. Moja liko karibu na fi ya digrii −60 na psi ya −45, nalo ndilo makazi ya msokoto wa alfa. La pili, ambalo ni pana zaidi, liko karibu na fi ya −120 na psi ya +130, makazi ya kanda za beta. Lipo na la tatu, dogo, ambalo wengi hulipitia kwa nadra. Tazama ilivyopendeza: maeneo mawili makubwa ambayo atomu hazigongani ndiyo hayo hayo ambayo madeni yanalipika. Hadi leo mtu akipata umbo jipya la protini, hulilaza juu ya ramani hii kabla hajaliamini.

Una ndugu wawili wasiofuata ramani ya wengine. Glisini haina mnyororo wa pembeni ila hidrojeni moja, kwa hiyo inafika wasikofika wenzake. Prolini ina pete inayokamata nitrojeni ya uti wako, kwa hiyo fi yake imekazwa na hidrojeni ya kulipia haipo kabisa. Usiwalaumu. Utawahitaji katika Hatua ya 6.

Hatua ya 4: Ukiweza, jilipe mwenyewe

Chukua oksijeni ya kiungo cha kwanza, uishikanishe na hidrojeni ya kiungo cha tano. Oksijeni ya pili iende kwa hidrojeni ya sita. Ya tatu kwa ya saba. Endelea hivyo na utajikuta umejisokota, viungo 3.6 kwa kila mzunguko. Makala ya 1951 ilisema 3.7, na vipimo vya baadaye vikarekebisha. Kila kiungo kinakupandisha nanomita 0.15. Zidisha kwa 3.6 upate 0.54, ile namba iliyomsumbua Pauling.

Zunguka kulia. Asidi amino za viumbe ni za mkono wa kushoto, na zikizungushwa kushoto minyororo ya pembeni hugongana na uti. Mchoro wa makala ya 1951 ulionyesha msokoto unaozunguka kushoto, kwa sababu wakati huo upande halisi wa molekuli hizi ndio kwanza ulikuwa unathibitishwa. Kendrew alipopata umbo la mioglobini kwa undani, takriban mwaka 1960, aliona misokoto minane, yote ya kulia, ikichukua kama robo tatu ya mnyororo.

Sasa zingatia miisho. Kwa kuwa kila oksijeni hulipwa na kiungo cha nne mbele yake, hidrojeni nne za mwanzo wa msokoto na oksijeni nne za mwisho wake hazina wa kuzilipa. Msokoto wa kawaida una viungo kumi hivi, kwa hiyo madeni haya si machache. Weka serini, threonini, asparajini au asidi aspatiki mlangoni, kwa maana minyororo yao ya pembeni ina oksijeni inayoweza kugeuka na kuilipa hidrojeni iliyo wazi. Mwishoni weka glisini, ambayo inaweza kupinda kwa namna ya kuufunga msokoto. Prolini ikitokea katikati itaacha oksijeni moja bila mwenza, na pete yake itakusukuma upinde. Lakini katika mzunguko wa kwanza, ambako hidrojeni hazilipwi na uti hata hivyo, inakaa kwa amani.

Ukishajilipa hivi unaweza kwenda hata mahali pasipo na tone la maji. Utando wa seli una sehemu ya mafuta yenye unene wa nanomita 3 hivi. Gawanya kwa 0.15 upate viungo 20, na hiyo ndiyo idadi ambayo misokoto ya utando huwa nayo, kwa wastani. Rodopsini, protini inayopokea mwanga ndani ya jicho, huvuka utando mara saba kwa misokoto saba.

Unaweza pia kujisokota na mwenzako. Katika nywele, misokoto miwili ya keratini huzungukana, kila mmoja umeinama kidogo kuelekea kwa mwenziwe. Mwinamo huo unakifupisha kimo cha mzunguko kutoka 0.54 hadi 0.51. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Francis Crick na Pauling, kila mtu kwa njia yake, waliliona jibu hilo, na picha za Astbury zikapatana na karatasi iliyokunjwa Oxford. Astbury na Pauling wote wawili walikuwa wamepima sawa.

Binadamu wanayajua haya kwa vidole vyao hata kama hawajawahi kuyasoma. Msusi anayepitisha pasi ya moto kwenye nywele anavunja vifungo vya hidrojeni kwa joto, anavuta, na vifungo vinajifunga upya katika mkao mpya. Unyevunyevu wa pwani ukiingia, maji yanavidai vifungo hivyo na nywele zinarudi zilivyokuwa. Astbury alilipima jambo hilohilo kwenye sufu: ikiloweshwa na kuvutwa ilirefuka hadi karibu maradufu, na picha yake ya eksirei ikabadilika. Hali ya kwanza aliiita alfa, na iliyovutwa akaiita beta. Majina yenu yametoka hapo.

Hatua ya 5: Usipoweza, mlipane na jirani

Si kila mfuatano unapenda kujisokota. Alanini, leusini, methionini na asidi glutamiki huelekea kwenye msokoto. Valini, isoleusini na tirosini, zenye matawi au miili mipana karibu na uti, huona nafasi zaidi kwenye beta. Lakini usiamue kwa majina peke yake. Mwaka 1984 Wolfgang Kabsch na Chris Sander walionyesha kwamba mfuatano uleule wa asidi amino tano unaweza kuwa msokoto katika protini moja na ukanda wa beta katika nyingine. Majirani wa mbali wana neno lao katika uamuzi.

Kwa beta, nyooka karibu kabisa, kiasi cha nanomita 0.33 kwa kila kiungo. Ukiwa hivyo huwezi kujilipa, kwa sababu vikundi vyako vinatazama nje, kushoto na kulia. Tafuta ukanda mwingine ulionyooka, mlale ubavu kwa ubavu, na kila mmoja amlipe mwenzake. Mkielekea pande tofauti, vifungo vya hidrojeni vinasimama wima kati yenu. Mkielekea upande mmoja vinalala mshazari, lakini bado vinalipa. Kanda zikiongezeka linatokea bamba lenye mikunjo midogo, na minyororo ya pembeni inatokeza kwa zamu, mmoja juu, mmoja chini.

Jirani si lazima awe karibu katika mfuatano. Anaweza kuwa viungo mia mbele yako. Hii ndiyo tofauti kubwa na msokoto: msokoto unaamuliwa na watu wa nyumba moja, na bamba linawakutanisha walioishi mbalimbali.

Tazama hariri ya nondo Bombyx mori. Sehemu kubwa ya mfuatano wake inarudia glisini, alanini na serini, miili midogo inayoruhusu mabamba yalaliane kwa karibu sana. Uzi wake ni imara na hauvutiki sana, kwa kuwa mnyororo umekwisha kunyooshwa. Sufu inavutika kwa sababu ina msokoto wa kukunjua. Tabia ya kitambaa mwilini mwa mtu inaanzia kwenye uamuzi wa nani analipa deni la nani.

Hatua ya 6: Kata kona kwa viungo vinne

Ukanda ukifika mwisho wa bamba lazima ugeuke urudi. Kona ya beta inatumia viungo vinne: oksijeni ya kwanza inailipa hidrojeni ya nne, na tayari umegeuka. Hapa ndipo glisini na prolini wanapopata heshima yao. Prolini imeshapindwa tangu kuzaliwa, na glisini inakubali pembe ambazo wengine wangevunjika wakizijaribu.

Mara nyingi kona na vitanzi huwa juu ya uso wa protini, na deni lolote lililobaki hapo hulipwa na maji. Usivione kuwa ni mabaki ya kazi. Kingamwili humtambua adui kwa vitanzi sita vilivyo kwenye ncha ya kila mkono wake, huku mabamba ya beta yakivishika vitanzi hivyo mahali pake.

Hatua ya 7: Usiache ukingo wazi

Hili ndilo onyo kubwa katika mwongozo wote. Msokoto umejilipa, una miisho tu ya kuangalia. Bamba lina kingo mbili, na ukanda wa ukingoni umelipwa upande mmoja tu. Upande wa pili unadai, na ukanda wowote mgeni ulionyooka unaweza kuja kulipa. Akija mmoja, naye ana ukingo wake. Atakuja mwingine, na mwingine.

Protini zilizokunjika vizuri zimejifunza kujikinga. Jane na David Richardson walizichunguza na mwaka 2002 wakaeleza mbinu zao: kuweka lisini yenye chaji katikati ya ukanda wa ukingoni, kuupinda ukanda huo, kuuwekea prolini, kuufunika kwa kitanzi au kwa msokoto. Njia nyingine ni kulizungusha bamba mpaka ukanda wa mwisho uulipe wa kwanza na kingo zikatoweka. Protini ya kijani inayong'aa ya kiwavi-maji Aequorea victoria ni pipa la kanda 11 lililofungwa namna hiyo.

Anayeacha ukingo wazi huishia kwenye amiloidi: kanda za beta zinazopandana bila kikomo, nanomita 0.47 hivi kati ya ukanda na ukanda, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu zisizoyeyuka. Amiloidi hupatikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, na katika kongosho za watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili. Katika maradhi ya prioni, protini ambayo kwa kawaida ina misokoto mitatu hugeuka kuwa na beta nyingi, na kila iliyogeuka huigeuza nyingine. Stanley Prusiner alizipa prioni jina hilo mwaka 1982, na akapata Nobel mwaka 1997.

Wala usidhani kulipa madeni ya uti kunatosha kwa kila jambo. Katika selimundu, kiungo cha sita cha mnyororo wa beta wa hemoglobini kimebadilika kutoka asidi glutamiki kuwa valini. Kiungo hicho kiko kwenye msokoto wa kwanza, na msokoto wenyewe umebaki salama, kila deni limelipwa. Lakini valini haipendi maji, nayo imekaa juu ya uso. Hemoglobini iliyoachia oksijeni hushikana na jirani yake kupitia doa hilo, minyororo inapangana, na seli nyekundu inapinda kuwa mundu. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinaujua uchungu wa badiliko hilo moja. Daraja la pili ni msingi, na juu ya msingi bado kuna nyumba ya kulinda.

Hatua ya 8: Kubali kukaguliwa

Ukimaliza, usijisifu. Acha upimwe. Kipimo cha haraka kinatumia mwanga wa urujuanimno unaozunguka kulia na ule unaozunguka kushoto. Msokoto wa alfa hunyonya mwanga huu na ule kwa viwango tofauti, na kwenye mchoro huacha mabonde mawili, nanomita 208 na 222. Bamba la beta huacha bonde moja, karibu na 218. Mabonde yako yakibadilika, umebadilika.

Kipimo hiki kimeshafanya kazi ambayo kila mtu wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua. Insulini ina asidi amino 51 katika minyororo miwili, na sehemu kubwa ya umbo lake ni misokoto. Ikipashwa joto kali na kutikiswa, misokoto hufunguka, kanda zinanyooka na kulipana zenyewe kwa zenyewe, na nyuzi za amiloidi zinaanza kujengeka ndani ya chupa. Dawa iliyogeuka hivyo haimsaidii mgonjwa. Ndiyo sababu kwa miaka mingi maagizo yamesisitiza jokofu, na mgonjwa asiye na jokofu amekuwa akilazimika kuifuata dawa kituo cha afya, siku baada ya siku.

Watafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Lilipanda na kushuka kati ya nyuzijoto 25 na 37. Wakaliiga joto hilo maabara kwa wiki nne, muda ambao chupa iliyofunguliwa hutumika, wakiwa na aina kadhaa za insulini zinazouzwa. Walipima kiasi cha dawa kilichobaki, wakakagua umbo lake kwa mwanga unaozunguka, na wakaijaribu kwenye seli za ini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kiasi kilikuwa ndani ya viwango, umbo halikubadilika kwa kiwango cha kutia wasiwasi, na nguvu ya dawa ilikuwa sawa na ya ile iliyohifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8.

Chupa ambazo hazijafunguliwa bado mahali pake ni kwenye baridi, na kila mgonjwa afuate maelekezo ya mhudumu wake. Lakini maana ya utafiti ule ni kubwa. Mtu anayeishi chini ya turubai, asiye na umeme, anaweza kukaa na dawa yake nyumbani mwezi mzima, kwa sababu misokoto michache yenye upana usiozidi nanomita chache imebaki imejilipa katika joto la Dagahaley. Mwanangu mnyororo, kuna watu wanaokutegemea kiasi hicho. Jikunje vizuri, funga kingo zako, na ukishakunjika, shikilia.